Nusu Nauli ya Nyaga

Ruiri, Jumapili alasiri

Mwanangu Gakii,

Nakuandikia nikiwa ndani, wewe uko nje na mama yako mnafunga sanduku kwa kamba. Nawasikia. Mambo ya blanketi, sabuni na dawa ya tumbo ameshakuambia, na atakuambia tena kesho mpaka basi liondoke, kwa hiyo hapo sina la kuongeza. Nina neno moja tu, na nimelibeba muda mrefu kupita kiasi.

Alhamisi nilipokukataza kutumia cheti cha nusu nauli ulichopewa na mwalimu mkuu, uliniuliza sababu mara mbili, na mara mbili nikanyamaza. Ukaendelea kumenya viazi. Halafu ukasema, bila hata kuinua macho, "Baba, mtu aliyeiba nauli za wengine anaona haya gani na nusu nauli?" Mama yako akakukemea. Mimi nikachukua panga nikaenda kwenye migomba, ambako hakukuwa na kazi yoyote ya panga.

Sikuiba, Gakii. Katika miaka yote ya ukondakta sikuchukua hata senti ya Haji, mwenye mabasi. Watu walipoona nimefukuzwa kazi walisema nimeiba, mama yako akasikia sokoni, akaniuliza, nami nikainamisha kichwa. Akadhani nimekubali. Nikamwacha adhani hivyo. Wizi ni kosa ambalo watu wanalielewa. Unachekwa, unasemwa, mwisho wanasahau. Nililofanya mimi lilikuwa baya zaidi, na nilijificha nyuma ya wizi nisioufanya.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa mama yako husoma Kimeru cha Biblia tu. Huo nao ni woga, najua. Nitamwambia mwenyewe kwa mdomo ukishaondoka.

Ulikuwa bado unabebwa mgongoni nilipopata kazi kwa Haji. Mjini Meru ndivyo walivyomwita tu, Haji, yule Mwislamu mwenye duka karibu na soko la Gakoromone na mabasi mawili ya kwenda Embu. Ile nusu nauli ya wanafunzi aliianzisha mwenyewe, hakulazimishwa na serikali. Alisema mtoto anayetoka shule ni mgeni wa kila mtu. Akabandika tangazo nyuma ya kiti cha dereva: mwanafunzi mwenye cheti cha mwalimu mkuu alipe nusu.

Kisha Emajensi ikaingia, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Sisi Wameru, pamoja na Waembu na Wakikuyu, tukawa hatuvuki mpaka wa wilaya bila pasi. Kwa wanafunzi, cheti kile kikaanza kufanya kazi mbili. Mbele kulikuwa na maneno ya mwalimu mkuu, nyuma mhuri wa D.O., mkuu wa tarafa, wa kumruhusu mwenye cheti kuvuka. Karatasi moja ikawa ndiyo nauli na ndiyo ruhusa ya kutembea katika nchi yako mwenyewe.

Na mimi, bila kufanya lolote, nikawa mtu mkubwa. Askari wa vizuizi nilikuwa nawajua, tulisalimiana kila siku. Kama pasi ya mzee ilikuwa na kasoro, nilisema tu, "Huyu namjua, Afande," naye akapita. Wazee wa rika la baba yangu wakaanza kuniita bwana. Akina mama wakaniletea ndizi mbivu nisizoziomba. Mwanzoni niliona haya. Baadaye, siku nisipoitwa bwana, nilihisi nimevunjiwa heshima. Sijui badiliko hilo lilikuja siku gani. Halikupiga hodi.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kukuambia. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili. Baba yangu akasema ng'ombe hawana mchungaji, akanitoa, akamwacha ndugu yangu mdogo aendelee. Kwa hiyo kila mwanafunzi aliyepanda basi letu na viatu vyake na kitabu kwapani nilimtazama kama mtu aliyevaa viatu vyangu. Nilimpa nusu nauli yake, lakini nilimpa kwa kumkata jicho.

Sasa sikiliza. Ulikuwa mwaka wa pili wa Emajensi, siku ya kufunga shule. Basi lilijaa wanafunzi kutoka Meru. Kati yao alikuwako kijana mmoja mrefu kutoka upande wa Siakago, huko chini kwenye nchi kame ya Wambeere. Jina lake Nyaga. Alikuwa na ndevu, tena nyingi. Siku hizo watu walianza shule wakiwa wakubwa, na umri wa ishirini na kitu darasani haukuwa jambo la ajabu. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Alikaa nyuma ya dereva, chini ya lile tangazo la Haji.

Akanipa cheti na nusu nauli. Nikamtazama kidevu.

"Wewe lipa nzima," nikamwambia.

"Nina cheti, kondakta."

"Cheti ni cha watoto."

Akainua uso, akalisoma tangazo kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemsomea mwingine. Kisha akasema, "Hapa wameandika mwanafunzi. Hawakuandika mtoto. Au hujalisoma?"

Basi zima likacheka. Hata mama mmoja aliyekuwa ameniletea ndizi asubuhi hiyo alicheka mpaka akafuta machozi.

Nilikuwa nimelisoma, Gakii. Nililisoma siku Haji alipolibandika, herufi moja baada ya nyingine, nikiwa peke yangu ndani ya basi ili mtu asione midomo yangu ikitembea. Sidhani Nyaga alikusudia ubaya. Alisema kama kijana anayesema mbele ya wenzake. Lakini mimi nilisikia kama baba yangu ananitoa shule mara ya pili.

Nikakikunja kile cheti, nikakitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Nikamwambia atakipata akimaliza kulipa. Akasema hana zaidi, ila mjomba wake atakuwa stendi ya Embu na atamalizia. "Basi mjomba wako ndiye atakikomboa," nikajibu. Akageukia dirisha. Nilikuwa nimeshinda. Ningekuwa mtu wa maana, jambo hilo lingeishia hapo, ujinga mdogo wa kondakta mmoja.

Mpaka wa Meru na Embu uko mtoni, kwenye daraja. Kulikuwa na kizuizi, askari na homgadi, wale walinzi wa vijijini wa upande wa serikali. Siku hiyo hawakuwa wale wa kila siku. Jirani na hapo kulikuwa na mapigano usiku uliopita, wakaletwa wengine, na sajini wao sikuwa namjua. Tukateremshwa wote, tukapangwa kando ya barabara, kila mtu na karatasi yake mkononi.

Walipofika kwa Nyaga, mikono yake ilikuwa mitupu.

"Pasi?"

"Iko kwa kondakta, Afande. Mimi ni mwanafunzi."

Sajini akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa basi, na wote waliocheka walikuwa wananitazama. "Kondakta, huyu ni mwanafunzi?"

Nataka ujue kwamba nilikuwa na nafasi. Watu husema mambo kama haya hutokea ghafla. Hayakutokea ghafla. Nilipata muda wa kuona kwamba Nyaga ananitazama bila wasiwasi, kama mtu anayesubiri kurudishiwa kitu chake. Huo utulivu wake ndio ulionikera. Nikataka ahangaike kidogo. Kidogo tu, kisha ningefungua kifungo nitoe karatasi.

Nikasema, "Mwanafunzi gani ana ndevu, Afande?"

Wengine wakacheka tena, sasa wakiwa upande wangu. Hilo ndilo nililolitaka, nami nikalipata. Kicheko hakijaisha, sajini akampiga Nyaga kwa kitako cha bunduki, hapa kando ya sikio. Akaanguka magotini. Homgadi wawili wakamshika mikono wakaanza kumfunga. Hakuna aliyecheka tena. Nyaga akaniita, na hakuniita kwa hasira. "Kondakta. Kitoe."

Mkono wangu ulikwenda mfukoni. Nilikishika kile kifungo. Halafu nikafikiri: nikikitoa sasa, sajini ataniuliza kwa nini nimeificha pasi ya mtu na kumdanganya mbele ya watu. Nitapiga magoti hapo kando yake. Nikamfikiria mama yako, nikakufikiria wewe. Mpaka leo natumia majina yenu kujitetea mbele ya nafsi yangu, na nakuomba radhi kwa hilo, kwa sababu hamkuniomba nimwache mtu kwa ajili yenu.

Mkono ukashuka. Tukapanda. Dereva hakuniangalia. Basi likavuka daraja na kiti kimoja kitupu chini ya tangazo.

Stendi ya Embu hapakuwa na mjomba. Aliyekuwapo ni mama yake Nyaga, mwanamke mwembamba aliyetembea kutoka Siakago kuja kumpokea. Aliwatazama wanafunzi wakishuka mpaka wa mwisho. Akanijia.

"Mwanangu, nimemkosa kijana wangu. Mrefu, wa ndevu."

"Alishukia Chuka, mama," nikasema.

Nilimwambia hivyo bila kugugumia. Akanishukuru. Akauliza kama alionekana mwenye njaa. Nikasema hapana.

Alikwenda Chuka, Gakii. Hakuwa na pasi ya kuvuka, lakini alikwenda, akapita vichakani, akamtafuta mwanawe mahali ambapo hakuwahi kushuka. Nililisikia baadaye. Na tangu hapo, kila Alhamisi nilipofika Embu alikuwa amekaa stendi, ukutani, na aliponiona alisimama. Hakunishuku hata kidogo. Aliniuliza tu kama nimesikia neno, nami nikasema bado, mama. Nilianza kumwomba Haji anihamishie basi lile jingine, lisilofika Embu siku ya Alhamisi. Cheti nilikificha nyumbani, katika paa, kwenye nyasi juu ya kitanda. Miezi kadhaa nililala chini yake.

Mwishowe mama yule alipata pasi, akaja Meru mwenyewe, akaketi mlangoni mwa duka la Haji. Alisema hataondoka mpaka mwenye basi amweleze basi lake lilimpeleka wapi mtoto wake. Haji akampa chai, akatuma niitwe. Nikamkuta ameshika kikombe kwa mikono miwili na hajakinywa.

"M'Imanyara," Haji akasema, "mweleze huyu mama."

Ningeweza kusema Chuka tena. Mdomo ulishaanza. Lakini yule mama akasogea, akanipisha nafasi kwenye benchi niketi karibu naye, kama mtu anayemhurumia mwenye safari ndefu. Hapo nikashindwa. Nikasema yote. Nikarudi nyumbani mbio, nikakitoa cheti kwenye paa na kukileta. Yule mama hakujua kusoma. Akamwomba Haji amsomee, Haji akasoma jina la Nyaga, shule, kutoka Meru mpaka Embu, mwenye tabia njema. Mama akamwomba arudie hapo penye tabia njema. Haji akarudia. Akaichukua karatasi ile, akaifunga katika pindo la kanga yake, na hakuniangalia tena.

Haji alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi hakupandisha sauti. "Mimi niliweka nusu nauli iwe sadaka," akasema. "Wewe umeifanya mtego. Acha mkoba hapo, nenda nyumbani." Nikaacha mkoba. Hakuwaambia watu sababu, kwa kunisitiri, na katika sitara hiyo ndimo uvumi wa wizi ulimozaliwa.

Baadaye Haji na mwalimu mkuu walimwomba mama yule kile cheti, wakakipeleka kwa D.O. Lakini Nyaga alikuwa ameshaandikwa kwenye orodha, ameshapelekwa kambini, kambi moja na kisha nyingine, na kila ofisi ilisema faili liko kwa wenzao. Karatasi ambayo ingetosha dakika moja pale darajani haikutosha miaka miwili huko. Alipoachiliwa, shule ilisema nafasi yake imejazwa, na tena hawachukui mtu aliyetoka kizuizini.

Mwaka jana, nilipokuambia nakwenda Embu kutazama mbuzi, nilikwenda Siakago. Nilimkuta sokoni, anabeba magunia ya mtama ya mfanyabiashara mmoja. Alinitambua kabla sijasema. Akashusha gunia.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikayasema. Akainamisha kichwa upande, akaniletea sikio la kulia.

"Sema kwa sauti," akasema. "Lile jingine halisikii. Ni lile la darajani."

Watu walikuwa karibu, wanawake wenye kunde zao, wabebaji wenzake. Nikarudia, na sauti yangu ikatoka ndogo kuliko mara ya kwanza. Akangoja. Nikajaribu tena. Watu wakaanza kugeuka, nami nikatazama chini.

"Kondakta," akasema, "ulinishusha kwa kupaza sauti. Msamaha unaniomba kwa kunong'ona?"

Ungetarajia baba yako apaze sauti hapo. Hata mimi nilitarajia. Nilisimama mbele ya mtu yule kwa muda ambao mtu angeweza kusema yote na kuyarudia, na sikusema. Akaniangalia, akachuchumaa, akapandisha gunia mgongoni na kuondoka. Hakunitukana. Nikapanda lori la kurudi na kuja kuwaambia kwamba mbuzi walikuwa ghali.

Basi, hiyo ndiyo sababu nilikukataza. Nilipoona cheti mkononi mwako, nilimwona kondakta akikikunja. Nikataka ulipe nauli nzima ili mtu asipate neno juu yako. Nimelifikiri tangu Alhamisi, na naona nilikuwa bado namlinda kondakta. Nilitaka wewe ulipie kosa lake. Kitumie cheti. Ni chako. Mtu akitaka kukitazama, mwonyeshe, na kisipotee machoni pako.

Wewe unakwenda kusomea ualimu. Siku moja utapewa darasa, na daftari la kuita majina, na fimbo. Watoto wa watu watakuita mwalimu na utaipenda sauti hiyo, hakuna asiyeipenda. Kisha atatokea mmoja, pengine mrefu kuliko wewe, atakusahihisha mbele ya wenzake, naye atakuwa na haki, na wote watacheka. Sijui utafanya nini siku hiyo. Sikuambii ufanye nini, sina uso wa kukuambia. Nataka tu ujue kwamba itakuja, na itakuja ikiwa ndogo, jambo la ndevu au la neno kwenye ubao. Mimi niliingoja siku yangu kubwa ya kupimwa, nikidhani itakuja na bunduki. Bunduki ilipofika nilikuwa nimeshaanguka.

Usimtafute Nyaga ili uniombee msamaha. Basi lako litapita Embu, na najua ulivyo, utatamani. Usifanye hivyo. Hiyo ni kazi ya mtu mwingine, na mtu huyo ni mzima, ana miguu na ana sauti. Kama atakwenda au hatakwenda, sitakuahidi. Nimechoka kusema uongo kwa watu wanaongojea.

Jambo moja limekuwa likinisumbua tangu nianze kuandika. Nimekueleza ndevu zake, mama yake, sikio lake. Wewe nakujua. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa ukiwapanga watoto wa jirani chini na kuwafundisha kuhesabu kwa mawe, na hakuna mtu katika kijiji hiki asiyejua Gakii anataka kuwa nani. Lakini ukiniuliza Nyaga alikuwa anasoma ili awe nani, sina jibu. Tulikaa naye ndani ya basi kutoka Meru mpaka darajani, sikumwuliza. Nilisimama mbele yake Siakago, sikumwuliza. Sasa hata nikimwuliza, haitakuwa na maana.

Nenda, mwanangu. Mimi ni baba yako, ndiye huyu niliyemwandika hapa, sina mwingine wa kukupa.

M'Imanyara